Jina Lililo Ndani ya Ndege

Tiffin, Ohio
9 Februari 2009

Kwako Elwood,

Salamu nyingi. Najua utashangaa kupata barua yangu. Tangu tumzike Merle mwezi wa kumi na moja hatujasemezana, na hata siku ile ulisimama mlangoni na kofia mkononi, nikageuka kukuletea kahawa, kurudi hupo. Ningekupigia simu, lakini vifaa vyangu vya masikio vikikaribia simu vinapiga mluzi kama birika na nasikia nusu tu ya maneno. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Binti yangu Janelle ameamua, nami nimekubali, kwamba nihamie kwake Tucson. Nyumba imepata mnunuzi na natakiwa niwe nimetoka mwisho wa Septemba. Huko Arizona hakuna theluji, anasema, wala ngazi za kuniangusha. Nafurahi. Kila mtu ananiambia kwamba nafurahi.

Kinachonishinda ni gereji. Unavijua vilivyomo kuliko mimi: ndege zake zote ndogo za kurusha kwa rimoti, maboti, marimoti, makopo ya gundi. Sijaingia humo tangu afariki. Nafungua mlango, ile harufu ya mafuta ya nyonyo ya injini zake inanipiga usoni, nafunga. Merle alikuwa akisema mtu wa ndege akifa wenzake hubeba vitu vyake gulioni wakamuuzia, ili mjane asiliwe na walanguzi. Basi mwenzake ni wewe. Hakuwa na mwingine, na nadhani wewe pia huna.

Njoo na gari lako uchukue vyote, hata ile ndege ya njano. Sharti langu ni moja: kila kitu kinachouzwa, niambie kimekwenda kwa nani. Nisingependa kulala nikiwaza vimeangukia mikononi mwa watu wasiojali.

Wako,
Lavonne Ruffing


Van Wert, Ohio
2 Machi 2009

Bi. Lavonne,

Samahani kwa ile kahawa. Na juzi nilipokuja kupakia pia sikukaa, nilisema barabara ina barafu. Haikuwa na barafu sana.

Gulio la Lima lilikuwa Jumamosi, ukumbi ule ule wa maonyesho ya kilimo, na harufu ya ng'ombe haijawahi kutoka humo. Sisi wenye meza huingia kabla ya wateja, na biashara yenyewe hasa ndiyo hufanyika saa hiyo, muuzaji kwa muuzaji. Wazee watupu. Tunauziana vitu vile vile kila mwaka. Kuna boti moja la kuvuta mashua nimeliuza, nikalinunua, nikaliuza tena kwa mtu yule yule.

Maboti ya Merle yamekwenda yote. Jekundu amechukua fundi bomba wa Findlay mwenye bwawa nyuma ya nyumba. Mawili ya tanga wamechukua mume na mke, wabishi wote wawili, walibishana mbele yangu ni nani atashika rimoti. Ndege hazikuuzwa, ila watu walizibonyeza mbawa kama wanaochagua tikiti, na kila mmoja akauliza swali lile lile.

"Mzee, hii imewahi kuanguka?"

Nikawajibu alivyokuwa akijibu Merle: "Ambayo haijaanguka haijaruka." Wakacheka, wakapita.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Kanuni yetu ni kwamba kila chombo kiwe na lebo ndani, jina na anwani ya mwenyewe, ili kikipotea aliyekiokota ajue pa kukirudisha. Ukiuza unabandua yako, na mnunuzi anabandika yake. Asiyebandua tunamcheka, maana siku moja ndege ya watu itamgongea mlango. Mimi huzipasha moto kwa kikausha nywele zikatoka bila kuraruka. Sasa ninazo lebo za maboti, mwandiko wa Merle, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa shule. Kuzitupa siwezi. Nizipeleke wapi?

Hela zimo ndani ya bahasha.

Elwood Spangler


Tiffin
9 Machi 2009

Shemeji Elwood,

Nakuita shemeji utake usitake. Mtu uliyekula naye chakula cha Jumapili miaka yote hiyo unamwitaje "Bibi" kama karani wa benki?

Lebo nitumie mimi. Zote. Nina kopo la biskuti ninaloweka vifungo na nyuzi, zitakaa humo.

Hao mume na mke wamenichekesha mpaka jirani akachungulia. Mimi na Merle tuligombana hivyo hivyo siku aliponipa rimoti ya boti ziwani, nikaligongesha kwenye gati mbele ya wavuvi. Niletee habari kama hizo. Nyumba imejaa masanduku na hakuna anayezungumza humu ila redio.

Ile ya njano vipi, hakuna aliyeitazama?

Shemeji yako,
Lavonne


Van Wert
6 Aprili 2009

Shemeji Lavonne,

Sawa, nimekubali.

Gulio la Defiance lilikuwa la mwisho kabla watu hawajaanza kurusha. Ndege ndogo zote wamechukua kaka wawili wa Michigan, wanene, wakarimu, wananunua kila kitu kisha wanakwenda kusingiziana mbele ya wake zao. Marimoti ya zamani hayana mwenyewe siku hizi. Vijana wanataka ya kisasa, wakaniangalia kama nauza mashine ya taipu.

Ile ya njano amechukua mwalimu mstaafu wa Fort Wayne, anaitwa Bwana Pruitt. Alikuja na mjukuu wake wa kike, miaka tisa hivi, Tessa. Mtoto ndiye aliyeichagua. Hawakuuliza kama imewahi kuanguka.

Nakutumia lebo zote isipokuwa ya hiyo. Iliraruka wakati naibandua. Samahani.

Elwood


Tiffin
13 Aprili 2009

Shemeji,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa, nikalia. Usiogope, ni kilio kizuri. Kumbe imepata mtoto.

Sijui kama Merle alikwambia ile ndege ilijengwa wapi. Gereji ilikuwa baridi mno msimu ule, akaihamishia mezani pangu, tukawa tunakula na sahani mapajani hadi Pasaka. Ile plastiki ya njano inayofunika mbawa hubanwa kwa pasi, na aliunguza pasi yangu nzuri. Nikamwambia hebu nipe, mwanaume hajui kupiga pasi hata shati lake atajua bawa? Nikajaribu, nikaizidisha moto. Chini ya bawa la kushoto kuna alama ya kahawia yenye ncha ya pasi. Hiyo ni mimi. Alikataa kuifunika. Akasema ikiruka juu ya kichwa chake ananiona.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini naulizia. Tafadhali nitafutie anwani ya Bwana Pruitt nimwandikie. Kwa sasa nimemfumia Tessa kofia ya sufu, ya njano kama ndege, imo kwenye kifurushi hiki. Ukionana nao uwanjani umpe. Na uniambie ndege inarukaje. Hilo ndilo ninalolingoja sasa.

Lavonne


Van Wert
18 Mei 2009

Shemeji Lavonne,

Kofia imefika. Inamtosha.

Anwani sikuichukua, gulioni hatuulizani. Ila Bwana Pruitt huja kwenye uwanja wetu, kwa hiyo habari za ndege ninazo.

Aliirusha jana asubuhi. Upepo ulikuwa umelala. Injini iligoma, akaizungusha na kuizungusha, ikakohoa, ikashika. Moshi wake ulikuwa na harufu ile ile. Ilikimbia kwenye majani kidogo tu ikanyanyuka yenyewe, hakuivuta. Juu inaelemea kushoto kidogo, lazima uishike kwa kidole. Ilipopinda nikaiona ile alama yako, wazi kabisa, kahawia juu ya njano. Sikuwahi kuitazama zamani. Nilidhani ni mafuta.

Alikuwa peke yake, mtoto amerudi kwa mama yake. Hata hivyo alichukua kibanio. Labda Merle alikueleza: tuna ubao wenye vibanio vya nguo, kila kimoja kina namba ya mawimbi, na huwashi rimoti kabla hujabana chako kofiani, ili wawili wasiwashe mawimbi mamoja wakaangushana. Jana hapakuwa na wa kuangushana naye. Uwanja mzima mtupu, na vibanio vyote vipo ubaoni. Akachukua chake, akabana kofiani, akatazama kulia na kushoto, ndipo akawasha.

Ilitua vizuri. Alikaa nayo majanini muda mrefu.

Elwood


Tiffin
1 Juni 2009

Shemeji,

Barua yako nimeiweka chini ya mto. Umeandika kama uliyeishika rimoti wewe. Sikujua kama una maneno mengi hivyo, Merle alisema ukitoa sentensi mbili kwa siku basi umelewa.

Lakini huyo mwalimu amenitia simanzi. Merle alikuwa akinifundisha kwamba wa kurusha ni mmoja na wa kutazama ni mwingine. Si wewe mwenyewe ndiye uliyemponza Merle akapoteza sauti? Anarudi nyumbani amekauka koo: "Siku nzima nampigia kelele Elwood, jicho lake la kulia lina ukungu. Vuta, Elwood! Jua hilo, Elwood, toka juani!" Basi mwambie Bwana Pruitt asirushe peke yake, haifai kwa mtu wa umri huo. Au nenda ukasimame naye wewe. Yeye hana mtu, wewe huna mtu. Mtakuwa wawili.

Nikwambie kitu ambacho Janelle hajui. Siitaki Tucson. Wamenitengenezea chumba chenye mlango wangu, na nashukuru, lakini huko hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwona Merle akicheka. Nikimtaja watainamisha vichwa kwa heshima, basi. Wewe nikikutajia unamjua. Ndiyo sababu nakuandikia kurasa zote hizi za ndege.

Niletee habari nyingine.

Lavonne


Van Wert
13 Julai 2009

Shemeji Lavonne,

Bwana Pruitt amehama. Sitapata tena habari za ile ndege. Naomba usiniulize.

Nakutakia safari njema ya Arizona. Umekuwa mwema kwangu kuliko ninavyostahili.

Elwood Spangler


Tiffin
3 Agosti 2009

Elwood,

Hii ni barua ya pili nakuandikia bila jibu. Kama nimekuudhi kwa maneno ya jicho lako, nisamehe, ilikuwa utani. Kama unaumwa, mwambie mtu yeyote aniandikie.

Lavonne


Karibu na Van Wert
8 Septemba 2009

Bwana Merle Ruffing,

Hatujuani. Mimi ni mkulima, jina langu Curtis Niemeyer, na shamba langu linapakana na uwanja wa ndege ndogo za rimoti. Wiki hii nilipokata mahindi ya ng'ombe nimeikuta ndege yako ya njano katikati ya shamba. Bawa la kulia limevunjika, pua imeingia udongoni, lakini injini nzima. Nilifungua kifuniko nikakuta jina lako na anwani, wino haujafutika.

Nadhani rafiki yako atafurahi. Mwezi wa saba alikuja mzee mmoja kuomba ruhusa aitafute. Alisema iliingia kwenye jua na hakuiona tena. Nikamwambia, "Mzee, mahindi haya yamekupita kimo, humo hata trekta linapotea." Akaingia hivyo hivyo. Akarudi kesho yake na siku zilizofuata, mstari kwa mstari, na joto lile, amevaa kofia ya sufu ya njano, ndogo, imemkaa utosini, na kibanio cha nguo kimebanwa ubavuni. Wanangu walimcheka nikawafokea.

Mama yangu alimwita barazani akampa chai ya barafu. Nikamuuliza, "Ndege yenyewe ni ya bei gani, ya kukutoa jasho hivi?"

Akasema, "Si yangu. Ni ya rafiki yangu. Niliipeleka gulioni kumuuzia, jamaa akataka achomoe injini tu, mbao azitupe. Nikamwambia imeshauzwa. Nikaenda nayo nyumbani."

Mama akasema, "Sasa si umlete huyo rafiki yako mtafute wote?"

Akasema rafiki yake yuko mbali. Akamaliza chai, akashukuru, akarudi mahindini. Baada ya hapo hatukumwona tena. Hakuacha namba, ila alisema anaitwa Elwood.

Jumamosi nakuja Tiffin kwenye mnada wa matrekta. Nitaipitisha kwako. Usihangaike na malipo, jiandae tu kumcheka huyo rafiki yako.

Curtis Niemeyer


Tiffin
24 Septemba 2009

Shemeji Elwood,

Merle amepata barua. Naifunga humu uisome, maana inakuhusu. Yule kijana alikuja Jumamosi na ndege kifuani kama aliyebeba mtoto, akauliza kama Bwana Ruffing yupo. Ilibidi nimkaribishe kahawa ndipo nimweleze. Yeye aliinywa.

Nilikasirika, Elwood. Uone aibu. Nilimfumia kofia mtoto ambaye hayupo! Nilimpa Bwana Pruitt salamu katika sala zangu! Nilizunguka nyumba nikikutukana kwa sauti, na kwa kuwa nimeshafunga mazulia, nyumba nzima ilikuwa ikinirudishia matusi yangu.

Halafu nikaisoma tena ile habari ya kofia. Mzee mzima, mwezi wa saba, mahindini, na kofia ya mtoto kichwani, unamtafutia Merle ndege yake. Nikalia mpaka vifaa vya masikio vikalowa. Ungeniambia tu. Ningekuja na viatu vya mvua tuitafute wote, na ungekuwa na mtu wa kumwambia mstari huu tumeshaupita.

Na ule ushauri wangu, eti nenda ukasimame na Bwana Pruitt, kumbe ndiye wewe. Sijui uliusomaje. Nisamehe.

Sasa nisikilize. Nimeingia gereji. Nilikwenda kutafuta gundi, nikaketi kwenye kiti chake, na ile harufu haikunifanya kitu. Bawa nimeliunga mwenyewe. Si kazi ya fundi, ila limeshika, nimelikanyaga kidogo kuhakikisha. Pasi ilikuwa imeshafungwa sandukuni, nikaifungua. Ile ile mbovu. Plastiki ya njano ilikuwa imebaki kipande cha kutosha, na naomba radhi, nimeiunguza tena. Bawa la kulia nalo sasa lina alama. Labda haitaelemea kushoto tena.

Lebo ya Merle nimeibandua kwa kikausha nywele. Polepole, kama ulivyonifundisha. Haikuraruka. Imo kwenye kopo pamoja na zile nyingine, na kopo naenda nalo.

Naondoka Jumatano. Sitaweza kuja kusimama kando yako nikupigie kelele, na sitakudanganya kwamba labda mwakani. Ni mbali, na mimi ni mzee. Ukitaka kurusha, mwite yule Curtis asimame nawe, ana macho na ana moyo. Mama yake ana chai. Kofia vaa wewe, imempata mwenyewe.

Ndege imo ndani ya sanduku hili. Usiipeleke gulioni, na mtu akikuuliza mwambie imeshauzwa. Kama mnavyofanya nyinyi, mwenyewe wa zamani amebandua lebo yake na mpya imebandikwa, mahali pale pale. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili mtu yeyote atakayeiokota shambani asibabaike:

ELWOOD SPANGLER
KWA LAVONNE RUFFING
NYUMBA YA JANELLE, MLANGO WA NYUMA
TUCSON, ARIZONA

Ikipotea tena wataniletea mimi, nami nitajua pa kukutafuta.

Shemeji yako,
Lavonne